Neno "Utente" la Wareno
Liko neno moja la Kireno, utente, litokalo katika Kilatini uti, yaani kutumia. Maana yake ni mtu atumiaye huduma za umma. Mgonjwa huitwa pia paciente, ndiye avumiliaye mateso; mnunuzi huitwa cliente, na cliens wa Roma ya kale alikaa chini ya ulinzi wa mkubwa. Bali utente haombi hisani. Atumia kilicho haki yake. Katiba ya Ureno ya 1976 ilitaja haki ya afya. Sheria ya 1979 ikaanzisha Huduma ya Afya ya Taifa, na aliyeandikwa humo ana namba ya utente. Sheria ya 1996 ikamlinda utente wa maji, umeme, gesi na simu. Basi, msomaji, jina laweza kumwondoa mtu katika kuomba, likamweka katika kudai.