Darubini za pamoja za angani: antena za Malindi na anga la Malili

Darubini ya pamoja ya utafiti ni chombo ambacho mtafiti mmoja, au hata chuo kikuu kimoja, hawezi kukinunua wala kukitunza peke yake. Nchi au mashirika kadhaa huchangia gharama, muda wa kuitumia hugawanywa kwa maombi, na uendeshaji wa kila siku hukabidhiwa kikosi ambacho majina yake ni nadra kuonekana kwenye makala za kisayansi. Nchini Kenya historia ya vyombo hivyo haikuanzia kilimani chini ya kuba jeupe. Ilianzia baharini, katika ghuba ya Ngomeni kaskazini mwa Malindi, na sehemu yake kubwa imepita juu ya vichwa vya watu bila wao kuinua macho.

Watu wa Malili wamo kati ya hao. Malili ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika kaunti ya Makueni. Jina lake lilianza kutajwa sana magazetini mwaka 2009, serikali iliponunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuwekea jiwe la msingi Januari 2013. Kwa darubini ya kioo, ile inayohitaji giza, uwanda huu una kasoro moja kubwa: mwanga wa Nairobi na Athi River uko karibu mno, na mji wenyewe wa Konza unazidi kuwasha taa. Lakini Malili iko chini kidogo tu ya ikweta, na njia za setelaiti za ikweta zinapita hapo hapo. IXPE, darubini ya eksirei ya Marekani na Italia iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021, iliwekwa kwenye mzunguko unaokaribia kuufuata mstari wa ikweta wenyewe, kilomita 600 hivi kutoka ardhini. Karibu katika kila mzunguko wake wa dakika 96 hivi hupita karibu na utosi wa Malili, kidogo upande wa kaskazini. Chini ya dakika moja baadaye huwa imefika usawa wa Malindi, ambako antena tayari imeelekezwa kuipokea.

Sababu ya kuchagua ikweta ni ya kiufundi, na inaeleza mambo mengi kuhusu matunzo ya darubini hizi. Juu ya Atlantiki ya Kusini, mikanda ya chembe zenye nguvu inayoizunguka dunia hushuka chini kuliko kwingineko. Setelaiti inayopita hapo hupigwa na chembe hizo, vipokezi vyake hujaa makelele, na mara nyingi waendeshaji hulazimika kushusha umeme wa vipokezi hadi chombo kivuke. Kwenye mzunguko wa ikweta usumbufu huo hupungua sana. Vipokezi hubaki vitulivu, hufanya kazi kwa saa nyingi zaidi, na huchakaa polepole. Tena, roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta huongezewa mwendo na mzunguko wa dunia yenyewe, na mbele yake kuna Bahari ya Hindi tupu.

Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma, aliliona hilo mapema. Kikosi chake kililisimamisha jukwaa la San Marco kwenye maji ya Ngomeni, na kati ya 1967 na 1988 setelaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Scout za Marekani. Iliyovuma kuliko zote iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Kwa sababu hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei peke yake, fani ya kisayansi ambayo haihusiani na wapiga ramli.

Uhuru haikuwa na kioo cha kukusanya picha. Ilikuwa na vipokezi viwili vya gesi vilivyotazama pande mbili kinyume, na chombo kizima kilijizungusha taratibu ili kufagia anga kipande baada ya kipande. Kwa njia hiyo nyepesi iliacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, ikagundua mapigo ya Centaurus X-3 yanayorudi kila sekunde 4.8, na ikasaidia kuwafikisha wanasayansi kwenye hoja kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kazi ya Uhuru ilikoma Machi 1973. Mwenzake SAS-2, iliyorushwa kutoka jukwaa hilo hilo Novemba 1972 kupima miale ya gamma, ilidumu miezi saba tu: Juni 1973 kifaa chake cha kugawa umeme kiliharibika, na kwa kuwa hapakuwa na fundi wa kupanda huko juu, habari yake ikaishia hapo.

Tofauti kubwa kati ya darubini ya ardhini na ya angani ndiyo hiyo. Ya ardhini hupakwa rangi, hutiwa grisi, hubadilishwa injini. Ya angani kwa kawaida haiguswi. Matunzo yake karibu yote ni maneno: amri zinazopandishwa, taarifa za afya zinazoshushwa, na programu zinazoandikwa upya ili kifaa kizima kifanye kazi ya kilichokufa. Kwa hiyo kituo cha mawasiliano si kiungo cha pembeni. Siku antena isiposikia, darubini haina mlinzi.

Baada ya 1988 hakuna setelaiti iliyorushwa tena kutoka Ngomeni, na wengi hudhani habari iliishia hapo. Kumbe kipindi chenye kazi nyingi kilikuwa bado. Tarehe 30 Aprili 1996 darubini ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, lakini kituo kilichozungumza nayo kilikuwa Malindi. Iliipita ikweta kwa mwinamo wa digrii 4 hivi, ikionekana kutoka pwani ya Kenya kwa dakika kama 10 katika kila mzunguko. Piga hesabu: mizunguko 15 kwa siku, dakika 10 kila mara, jumla ni kama saa mbili na nusu za mazungumzo kati ya saa 24. Muda uliobaki chombo kilikuwa peke yake, kikirekodi vipimo kwenye hifadhi ya megabiti 450 ambayo ilipaswa kushushwa yote kabla ya kujaa. Malindi ilipokea, ikapeleka Roma kwa setelaiti ya mawasiliano, na Roma ikarudisha amri za mzunguko uliofuata. Usiku na mchana, Krismasi na Idi, zamu haikulala.

Faida ya nidhamu hiyo ilionekana tarehe 28 Februari 1997. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili alfajiri, saa za Afrika Mashariki, vipokezi vya BeppoSAX vilinasa mlipuko wa miale ya gamma uliodumu kwa sekunde 80 hivi. Milipuko hiyo ilikuwa imewatatiza wataalamu kwa takriban miaka thelathini. Hutokea bila kutangulizwa na chochote, hutoweka, na hakuna aliyekuwa na hakika kama inatoka jirani, kwenye galaksi yetu, au ukingoni mwa ulimwengu. Safari hii moja ya kamera pana za chombo ilikuwa ikitazama upande ule ule, basi mahali pakajulikana. Wataalamu wa Roma walivunja ratiba iliyokuwa imepangwa, wakaandika amri mpya za kukigeuza chombo, amri zikapita Malindi, na baada ya saa nane hivi darubini zake kali zilikuwa zimeelekezwa hapo. Zikakuta chanzo cha eksirei kinachofifia. Siku tatu baadaye kilikuwa kimepungua nguvu karibu mara 20. Darubini za La Palma, visiwa vya Canary, zikaona mwanga wa kawaida unaofifia mahali hapo hapo. Mei mwaka ule mlipuko mwingine ulionaswa na BeppoSAX ulipimwa umbali wake na darubini ya Keck, Hawaii, na ubishi ukaisha: milipuko hii iko mabilioni ya miaka ya nuru kutoka kwetu.

Saa nane zinaweza kuonekana nyingi. Kwa chombo kilichopangiwa kazi siku kadhaa kabla, na kinachosikika dakika 10 tu katika kila mzunguko wa dakika 97, ilikuwa mbio.

Wakati huo huo BeppoSAX ilikuwa ikizeeka. Mei 1997 moja ya darubini zake tatu za aina moja ilizimika, na uchunguzi ukaendelea na mbili. Jiroskopu, vifaa vinavyokiambia chombo kinageuka kwa kiasi gani, zilikufa moja baada ya nyingine, hadi wahandisi wakaandika programu ya kukiongoza bila kuzitegemea. Kazi ilifungwa Aprili 2002, miaka sita baada ya kuanza, na chombo kikaanguka kwenye angahewa mwaka uliofuata. AGILE, darubini ya Italia ya miale ya gamma iliyorushwa kutoka India Aprili 2007, nayo ilishushia data zake Malindi na ilipitia mkasa kama huo. Mwaka 2009 gurudumu linalozunguka ndani yake ili kuushika mwelekeo liliharibika. Badala ya kuiacha, waendeshaji waliigeuza kuwa chombo cha kuzunguka na kufagia anga, wakaitumia hivyo hadi mwanzoni mwa 2024.

Kuna matunzo mengine yasiyo na mshindo, nayo ni kusahihisha vipimo. Kipokezi kinachosema leo kwamba nyota fulani imeng'aa lazima kithibitishe kwamba si chenyewe kilichobadilika. Darubini nyingi za eksirei hubeba punje ya madini ya mnururisho, chuma 55, ambayo nguvu ya eksirei zake inajulikana barabara; kipokezi hupimwa kwayo mara kwa mara. Lakini punje hiyo nayo hupungua nusu kila baada ya miaka 2.7, kwa hiyo chombo kinachodumu kuliko matarajio hupoteza mizani yake polepole. Ndipo waendeshaji hutegemea Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka ambayo karibu kila darubini ya eksirei huielekea ili kujilinganisha na wenzake.

Orodha ya vyombo vilivyotumia Malindi ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Swift, darubini ya milipuko ya gamma iliyorushwa Novemba 2004, huendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Penn State. NuSTAR, ya Juni 2012, yenye mlingoti wa mita 10 unaotenganisha vioo na vipokezi, huendeshwa kutoka Berkeley, California. IXPE huendeshwa kutoka Boulder, Colorado. Zote tatu zilipewa Malindi kuwa kituo chao kikuu cha kushusha data, huo ukiwa mchango wa Shirika la Anga la Italia katika ushirikiano. Swift haingojei amri kama BeppoSAX: ikinasa mlipuko hujigeuza yenyewe na kuanza kutazama ndani ya dakika moja na ushei. Hata hivyo haijaepuka uzee. Januari 2022 gurudumu moja kati ya sita lilikwama, na baada ya mwezi mmoja ikarudi kazini na matano. Mwaka 2024 jiroskopu zilisumbua, programu ikabadilishwa ili itumie mbili. Mwaka 2025 NASA iliingia mkataba na kampuni ya Katalyst ili chombo kingine kikaishike Swift na kuisukuma juu, kwa kuwa mzunguko wake ulikuwa ukishuka.

Swali la nani anafaidika limezungumzwa Kenya kwa miaka mingi, na kwa haki. Anayetoa ardhi, mahali pazuri pa kijiografia na mikono ya zamu hapaswi kusimama nyuma kabisa ya foleni matokeo yanapogawanywa. Makubaliano mapya kati ya Kenya na Italia, yaliyosainiwa Trento tarehe 24 Oktoba 2016, yaliweka bayana mafunzo, data za anga na msaada kwa taasisi ya Kenya ya anga, ambayo iliundwa rasmi mwaka 2017 kwa jina la Kenya Space Agency. Mei 2018 setelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na La Sapienza, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kwa upande wa darubini za redio, Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya SKA, na antena ya zamani ya mawasiliano ya Longonot iliwekwa kwenye mpango wa kugeuzwa darubini. Ghana ilitangulia: antena yake ya mita 32 ya Kuntunse, iliyokuwa imeachwa, ilizinduliwa kama darubini ya redio Agosti 2017. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, Nairobi, kimekuwa mwenyeji wa mafunzo ya unajimu wa redio chini ya mpango wa DARA uliogharimiwa na Uingereza.

Hata bila antena mpya, mlango mmoja uko wazi tayari. Swift inapokuwa kazini, data zake hutolewa kwa umma mara tu zinapochakatwa, na mtafiti wa nchi yoyote anaweza kutuma ombi la dharura ili darubini hiyo itazame anachokitaka, hata kama hakuwahi kupewa muda kwenye mgao wa mwaka. Wataalamu wa zamu hulipima ombi kwa uzito wake wa kisayansi. Likikubaliwa huingizwa kwenye ratiba, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Makueni mwenye hoja nzuri na intaneti ya kutosha ana haki ya kulituma sawa na profesa wa Leicester, Uingereza.