Upanga wa Moro

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Marekani alinitumia picha tatu za upanga alioununua kwenye mnada wa vyombo vya mzee aliyefariki. Kwenye mpini palikuwa pamefungwa kikaratasi kilichogeuka rangi ya chai, kimeandikwa neno moja kwa wino: Moro. "Shikamoo Mwalimu," aliandika. "Huu si upanga wa kwetu Morogoro? Jumuiya yetu huku ina maonyesho mwezi ujao. Nataka niutundike."

Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado nilimjibu ndani ya nusu saa, kosa ambalo darasani nisingemsamehe mtu. Nilimwambia kwamba ule haukuwa upanga wa Waluguru, lakini kwa kuwa ulikuwa na makali kuwili, bila shaka ulikuwa ni felegi ya pwani iliyopanda bara pamoja na misafara. Maelezo yalipendeza. Naye akafurahi, akaanza kutunga maneno ya kubandika ukutani.

Usiku zile picha zilininyima usingizi. Felegi imenyooka. Upanga ule ulijipinda karibu na mpini kama nyoka atambaaye, kisha nusu ya mbele ikanyooka hadi nchani. Nikakumbuka keris ya Java, yenye mawimbi mashuhuri. Lakini keris ya Java ni nyembamba, imeundwa kwa kuchoma, na huu ulikuwa mpana na mzito, chombo cha kukatia. Kichwa cha mpini kilichongwa kwa umbo ambalo wengi hulifananisha na kichwa cha kasuku aitwaye kakatua. Sifa hizo zikikutana mahali pamoja hutupeleka kusini mwa Ufilipino, kwa Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu. Watausug huuita upanga huo kalis. Wamagindanao huuita sundang. Wengi wamezoea kuuona wenye mawimbi matupu au ulionyooka wote. Huu wa nusu kwa nusu ni wao pia, ila humchanganya mgeni.

Nikamwomba mwanangu apige picha nyingine, safari hii akiuelekeza ukingo wa upanga kwenye kamera. Karibu na mpini, upanga wa namna hii hutanuka na kuwa na kipande kiitwacho gangya. Katika panga kongwe, gangya hufuliwa peke yake, kisha ikavishwa kwenye chuma cha upanga. Katika zilizofuliwa baadaye, chuma ni kimoja na mhunzi huchora tu mstari wa kuiga ile fungo. Mstari wa kuchora huishia ubapani. Katika picha aliyoleta, ufa ulipita juu ya ukingo na kutokea upande wa pili. Ulikuwa upanga mkongwe kweli.

Likabaki neno lenyewe. Wahispania walioanza kukaa visiwani humo mwaka 1565 waliwakuta Waislamu, wakawaita Moro, jina walilowaita Waislamu waliopigana nao kwao Hispania. Hawakujali kwamba Mtausug, Mmaranao na Myakan ni watu mbalimbali wenye lugha zao. Nasi tulionja hilo jina: Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498 waliwaita Waislamu wa Msumbiji na Mombasa kwa neno hilohilo, *mouros*. Kwetu likapotea. Wao wamelitwaa wakalifanya lao, na tangu mwaka 2019 eneo lao lenye utawala wa ndani linaitwa Bangsamoro, yaani taifa la Moro.

Mwanangu akauliza ulifikaje Marekani. Hispania iliikabidhi Marekani visiwa hivyo kwa mkataba wa 1898. Machi 1906, kwenye mlima Bud Dajo katika kisiwa cha Jolo, jeshi la Marekani liliua mamia ya Watausug, wanawake na watoto wakiwamo. Septemba 1911 gavana Pershing akaamuru Wamoro wasalimishe silaha zao. Mapigano ya Bud Bagsak yakafuata mwaka 1913. Panga nyingi zilivuka bahari katika masanduku ya askari wa miaka hiyo. Nilimwambia pia kwamba upanga wake haukuandikwa popote kama ulisalimishwa, uliuzwa, au uliokotwa kando ya maiti.

Alinyamaza siku mbili. Kisha akaniomba radhi, nami nikamwambia mwenye kuomba radhi ni mimi niliyeuita felegi.

Upanga haukutundikwa kwenye maonyesho. Amemwandikia mtu wa makumbusho ya mji wake, anangoja jibu. Kile kikaratasi cha zamani amekiacha mahali pake, na kando yake amefunga kingine kwa mwandiko wake: "Kalis, au sundang. Kusini mwa Ufilipino. Si wa Morogoro."