Ndege ya mwaka 1916 ndani ya kompyuta: namna ya kuongeza ndege inayoendeshwa na mashine yenyewe

Ukifungua mchezo wa ndege za vita kwenye kompyuta, utakuta ndege za Wamarekani, za Warusi, za Wajerumani. Ndege zilizopiganaga hapa kwetu, hapana. Lakini kijana mwenye kompyuta na subira anaweza kuiongeza moja yeye mwenyewe. Rahisi kuanza nayo ni ile inayoendeshwa na kompyuta: wewe hauiongozi, unaiona tu ikipita.

Ndege gani?

Tuchukue Short 827, ndege ya majini ya Waingereza. Mwaka 1916 Wabelgiji walipewa nne kwa ajili ya vita na Wajerumani juu ya Ziwa Tanganyika. Zililetwa vipande vipande: mtoni kwa boti, nchi kavu kwa treni, na reli ya Kindu–Kongolo inapita katika eneo la Kasongo. Ziliwekwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Mwezi wa 6 mwaka 1916, rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe alivuka ziwa na kutupa mabomu bandarini Kigoma, penye ilikuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Mwezi wa 7 Wajerumani wenyewe waliizamisha kabla ya kukimbia. Ilitolewa majini baadaye, na ndiyo ile Liemba ya leo.

Kwa anayeanza, ndege hii ni nzuri kwa sababu iko nyepesi kueleza: watu wawili, injini moja ya nguvu za farasi 150, mabawa kama mita 16, mwendo wa juu karibu kilomita 98 kwa saa.

Inahitaji nini?

Ndege ya aina hii ina sehemu tatu:

1. Umbo. Unalichora na Blender, programu ya bure. Pima kwa mita, usiweke vipande vingi: kompyuta ya zamani itachoka.
2. Tabia. Hii ni faili ya maandishi inayosema ndege inapanda vipi, inageuka vipi, mwendo wake ni gani.
3. Njia. Ni orodha ya vituo: mahali, urefu wa kuruka, mwendo.

Katika DCS World, ambao ni mchezo wa vita kabisa, tabia inaandikwa kwa lugha ya Lua. FlightGear ni ya bure na mtu anaweza kumpa mwenzake kwa flashi. Yenyewe si mchezo wa vita hasa, lakini ni shule nzuri: njia inaandikwa katika faili ya XML ambayo unaifungua na programu yoyote ya maandishi.

Njia ya Kalemie–Kigoma

Kituo cha kwanza kiweke juu ya maji mbele ya Kalemie: latitudo -5.90, longitudo 29.25. Cha mwisho karibu na Kigoma: -4.90 na 29.60. Mwendo unaandikwa kwa noti. Kilomita 98 ni noti 53. Mara ya kwanza anzisha ndege ikiwa tayari angani. Kuinuka kutoka majini ni kazi ya baadaye.

Makosa yanayochelewesha watu

*Alama ya kutoa.* Sisi tuko kusini ya ikweta. Ukisahau hiyo alama mbele ya 5.90, ndege yako itaonekana Sudan Kusini, nawe utabaki unaitafuta ziwani.

*Urefu.* Mashine inahesabu futi kutoka usawa wa bahari, si kutoka ziwani. Maji ya Tanganyika yako mita 773 juu ya bahari, ni kusema zaidi ya futi 2,500. Ukiandika futi 1,000, ndege inaruka chini ya ziwa! Andika 3,500, itapita karibu mita 300 juu ya maji.

*Tabia ya kukopa.* Wengi wananakili faili ya ndege ya jeti. Basi Short inapanda mbinguni kama roketi. Kopa ya ndege ndogo ya propela.

Kisha fanya hesabu ya kuhakikisha. Umbali ni karibu kilomita 120, kwa hiyo ndege itachukua saa moja na dakika kumi na kitu. Ikifika kwa dakika kumi, kuna namba umekosea.

Kitu ambacho mashine haikuonyeshi

Mchezo unaona rubani na shabaha, basi. Lakini vita ile ilibebwa kichwani na mabegani na maelfu ya wapagazi wa Kongo, na wengi hawakurudi nyumbani. Michezo mingi ya namna hii ina nafasi ya kuandika maelezo kabla ya ndege kuruka. Usiiache wazi. Andika hapo nani alibeba mizigo, na umuulize mzee wa kwenu kama kuna jina la kuongeza.