Tarumbeta la Mzee wa Delta

Hivi karibuni nilikwenda Kibiti msibani, na baada ya hitima tukateremka mpaka Nyamisati, pale abiria wanapopandia boti za Mafia, tukaingia deltani kwa mtumbwi wa mashine kumjulia hali mzee mmoja wa ukoo. Mzee huyo, aliyekwishavuka miaka themanini, alipoambiwa kwamba zamani nilikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, na kwamba baada ya kustaafu nimeanza tena kujifunza kwa vijana wa matarumbeta ya harusi, hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na furushi la kanga kuukuu.

Ndani yake mlikuwa na tarumbeta fupi, lile waitalo koneti. Nililigeuza huku na huku nikitafuta madoa ya rangi ya waridi, maana hiyo ndiyo dalili kwamba zinki imeanza kutoka katika shaba na chombo kinaoza. Sikuona hata moja. Kila Idi mzee hulipaka mafuta ya nazi na kulifunga upya. Kati ya vitufe vyake vitatu, viwili vilishuka na kupanda. Cha tatu kilikuwa kimeganda, nadhani kwa hayo hayo mafuta ya nazi.

"Hili ni la manowari ya Mjerumani," akasema.

Deltani kila kitu cha kale cha madini ni cha manowari hiyo, na si ajabu. Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji, ikazingirwa humo hata tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa na Severn na Mersey na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi iliopolewa ikaendelea na vita nchi kavu.

Lakini nilipopangusa shaba kwa kitambaa zikatokea herufi: Boosey & Co., London. Kampuni hiyo iliungana na Hawkes mwaka 1930, kwa hiyo tarumbeta ni la kabla ya hapo, nalo ni la Mwingereza.

Hapo nikasita. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwishapita kijijini, akalipima kwa mkono na kutaja bei ya kilo. Mzee alimfukuza kwa sababu moja tu, kwamba hii ni mali ya manowari. Je, nikimwambia si la manowari, mnunuzi akirudi itakuwaje?

"Soma, mwanangu. Pameandikwa nini?"

Nikamsomea. Kisha nikamwuliza baba yake alikuwa na kazi gani. Akasema alikata boriti za mikoko, akizipakia majahazi ya Unguja, na jioni alikuwa mtu wa beni.

Naam, beni! Vijana wa leo wanadhani matarumbeta yameanza na harusi za Dar es Salaam. Ngoma ya beni, jina lililotokana na neno bendi, ilizaliwa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga gwaride la wazungu. Huku kwetu ikagawanyika katika vyama viwili vilivyoshindana vikali, Marini na Arinoti, kila kimoja na kingi wake, maofisa wake, sare zake na michango ya kuzikana. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza mbali, kwa miguu ya askari na wapagazi. Waingereza waliitazama kwa shaka, wakihofu siasa chini ya ngoma. Wengi hawakuwa na fedha za shaba. Huko Nyasa walitengeneza tarumbeta za vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui ili zilie. Sasa fikirini, mkata mikoko mwenye koneti ya London! Dhana yangu ni kwamba aliipata Unguja, kwa malipo ya boriti.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Basi ni la baba," akasema. "Piga."

Nikapiga. Kijana tuliyefuatana naye alikuwa na programu ya kupimia sauti katika simu yake, akacheka: kila noti ilikuwa juu. Bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya leo mpaka miaka ya 1960, hivyo tarumbeta hili haliwezi kukaa safu moja na ya vijana wangu, hata ukivuta bomba lake la kurekebishia hadi mwisho. Nilikuwa nimekwisha kulitamani, sikatai. Dakika mbili hazikutimia, midomo ikakufa ganzi, nikabaki natoa upepo mtupu. Watoto waliojaa uani wakapiga makofi kwa heshima tu.

Sikutaja bei, naye hakuniuliza. Alilifunga katika kanga yake, akaniagiza nikija tena baada ya mvua nilete mafuta yanayofaa kwa kile kitufe cha tatu.