Trei ya Agnes Pockels na Siri ya Utando wa Seli

Mwaka 1891 Lord Rayleigh, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, alipokea barua kutoka kwa mwanamke wa Braunschweig, Ujerumani. Agnes Pockels hakuwa na shahada. Alipokuwa kijana, vyuo vikuu vya nchi yake havikuwapokea wanawake. Alibaki nyumbani akiwahudumia wazazi wake. Humo nyumbani, kwa trei ya bati iliyojaa maji na ukanda wa bati uliosogezwa juu yake, alipima jinsi mafuta yanavyobadili uso wa maji. Rayleigh aliipeleka barua ile kwenye jarida la Nature, likaichapisha mwaka huohuo.

Miaka hiyohiyo, mjini Zurich, Charles Ernest Overton alikuwa akichunguza ni vitu gani hupenya seli. Aliona kwamba vinavyoyeyuka katika mafuta hupita upesi, akahitimisha kuwa seli imezungukwa na kitu chenye asili ya mafuta. Lakini kina tabaka ngapi?

Jibu lilipitia kwenye trei. Mmarekani Irving Langmuir aliiboresha, na mwaka 1917 akaonyesha kuwa molekuli za mafuta hujipanga safu moja juu ya maji, kichwa majini, mkia hewani. Leo chombo hicho kinaitwa kwa jina la Langmuir. Haki ingetendeka kama jina la Pockels lingetangulia.

Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu ya binadamu na wanyama, wakayatandaza kwenye trei. Walichagua vizuri: seli nyekundu za mamalia zilizokomaa hazina kiini wala tando nyingine ndani, hivyo mafuta yote ni ya utando wa nje. Eneo lililofunikwa lilikuwa takribani mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Utando, basi, una safu mbili: vichwa vinatazama maji ya nje na ya ndani, mikia imejificha katikati. Baadaye iligundulika kuwa asetoni, kimiminika walichotumia kutoa mafuta, haikuyatoa yote, na ukubwa wa seli waliukadiria pungufu. Makosa hayo mawili yalifidiana, na jibu lao limesimama hadi leo.

Protini zilizomo kwenye utando zilisumbua zaidi. Mwaka 1972 ndipo wanasayansi Singer na Nicolson walipoeleza kuwa zimezama ndani ya mafuta na huelea humo. Baadhi yake ni milango. Mmojawapo, katika utumbo mdogo, huingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapougua kipindupindu. Ndiyo sababu ORS, dawa ya kuchanganya na maji ambayo hunyweshwa anayeharisha, ina sukari pamoja na chumvi. Mzazi, mtoto akiharisha, changanya pakiti nzima kwa kipimo cha maji kilichoandikwa, usipunguze wala usiongeze.