Mtoto anapandaje darasa madrasa?

Msikilizaji wetu wa Kilangala na ukanda wote wa Lindi na Kilwa, shuleni mtoto hupanda darasa kila Januari. Madrasa ni tofauti. Watoto wawili walioanza siku moja wanaweza kuachana: mmoja yuko kwenye msahafu, mwenzake bado yuko kwenye juzuu. Wazazi wengine hudhani mwalimu anabagua. Tuangalie utaratibu wenyewe.

Ngazi ya kwanza: herufi

Mtoto huanza na alifu, bee, tee. Akizijua kwa sura hufundishwa irabu, kisha kuunganisha herufi. Zamani aliandikiwa kwenye ubao. Leo wengi hutumia kitabu kidogo cha kuanzia.

Ngazi ya pili: Juzuu Amma

Hii ni juzuu ya 30, ya mwisho katika msahafu. Ina sura 37, nyingi zikiwa fupi, ndiyo maana inatangulizwa. Mtoto husoma mbele ya mwalimu, anasikilizwa, anasahihishwa. Akikosea anarudia. Sisi tuliopita chuoni tunakumbuka kurudia sura moja wiki nzima.

Ngazi ya tatu: msahafu

Hapa anasoma juzuu zote 30 hadi kuhitimu. Siku ya khitma nyumba hupika, majirani hualikwa, na mwalimu hupewa chochote cha shukrani.

Ngazi ya nne: vitabu

Kuhitimu si mwisho. Pwani yetu inafuata madhehebu ya Shafii tangu zamani. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliliandika hilo. Kwa hiyo anayeendelea huanza na Safinatun Najaa, kitabu kidogo cha udhu, swala, zaka na saumu. Hufuata Matin Abi Shujaa, na walio mbele zaidi hufika Minhaji ya Imamu Nawawi. Sarufi ya Kiarabu huanzia kwenye Ajrumiya.

Wenzetu wa dini nyingine

Wayahudi nao wana vyuo vyao vya dini, huviita yeshiva. Mafunzo yao ya zamani yanataja umri: miaka 5 kuanza Maandiko, 10 kuanza Mishna, 15 kuanza Talmudi. Wanafunzi husoma wawili wawili, wakibishana juu ya maana ya kila mstari. Nchini Uganda, karibu na Mbale, wapo Wayahudi wa Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani na akathibitishwa kuwa rabi mwaka 2008. Kwao na kwetu, anayepanda ni aliyeiva.

Wanapokwama

Shida ipo kwa kijana wa miaka 12 anayebaki kwenye Juzuu Amma pamoja na watoto wa miaka 6. Anaona haya, mwishoni anaacha. Mara nyingi sababu si uzito wa kichwa. Huenda msimu wa korosho ulimtoa chuoni, au darasa la saba lilimchukua jioni zote, na aliporudi alikuwa amesahau. Wengine hawaoni vizuri maandishi, au hawasikii vizuri.

Mzazi afanye nini?

Nenda ukaonane na mwalimu, usimtume mtoto. Muulize: mwanangu anakwama wapi, kwenye herufi, irabu au matamshi? Mwombe amsikilize peke yake, mbali na wadogo. Nyumbani, mwambie mtoto akusomee robo saa baada ya Magharibi, hata kama wewe hujui kusoma; kuisikia sauti yake kunampa moyo. Usimlazimishe mwalimu ampandishe kabla ya wakati. Aliyerukishwa juzuu hukwama kwenye msahafu, na huko aibu ni kubwa zaidi.

Mtoto anayechelewa bado yumo safarini. Anayeachwa bila kuulizwa ndiye anayepotea.