Kwa nini Mario ana masharubu, na ayeeyo wangu hakuwa na uso

Wasee, masharubu ya Mario hayakuwa fasheni. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto alikuwa anamchora kwa ajili ya Donkey Kong: pikseli 16 kwa 16, rangi tatu. Mdomo haukuonekana, akaweka masharubu. Nywele zilisumbua, akamvisha kofia. Mikono ilikuwa inapotelea mwilini, akampa ovaroli ili rangi zitengane.

Mimi nimeacha chuo, niko Garissa, najaribu kumchora ayeeyo kwa pikseli hizo hizo. Kila kivuli niliweka nyeusi. Uso ukawa makaa, macho yakazama. Nikaanza kuamini ngozi yetu ndiyo ngumu kuchora. Wallahi, uongo mtupu! Nilikuwa nimejifunza kwa kukopi wahusika weupe tu.

Jioni moja nikamtazama vizuri, amekaa nje na chai yake. Kivuli cha shavuni kilikuwa na uzambarau. Kwenye paji, jua lilipiga rangi ya chungwa. Nikarudi kwa kompyuta: rangi tatu za ngozi, nyeusi nikaibakishia macho pekee, garbasaari ya njano ikizunguka uso. Akatokea!

Leo futa nyeusi kwenye vivuli vya ngozi, kisha niambie umemwona nani.